Nukta Juu ya Paa Letu

Mama alikuwa ameniambia nisitoke jikoni hata nyumba ikishika moto. Msichana ambaye wageni wamekuja kushika irembo la kwao hakai sebuleni na wazee. Anakaa nyuma, anageuza sambusa, anajifanya hana habari. Nami nilijifanya kweli kweli. Nilisimama nyuma ya pazia la kuingilia sebuleni, sahani tupu mkononi, sikio lote liko upande wa pili.

Kwa wasiojua mila za kwetu Rwanda, kushika irembo ni kushika lango. Upande wa mwanamume huja na watu wachache na vinywaji, husema: tumeona binti katika nyumba hii, tunaomba lango hili lisifunguliwe kwa mwingine. Wakikubaliwa, siku ya posa hupangwa. Wakikataliwa, hubeba makreti yao wakarudi walikotoka. Na mwoaji mwenyewe hafungui kinywa. Anasemewa. Hata akiulizwa jina lake, anayemsemea ndiye anayejibu.

Wenceslaus wangu alikuwa amekaa mwisho wa kochi, magoti yamebanana, ndani ya suti ya kijivu ambayo mimi mwenyewe nilimpunguzia mikono. Ni mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye macho ya upole yanayokufanya usahau ulichotaka kumkasirikia. Tulijuana mwaka jana katika hoteli moja ya Kiyovu ninakofanya kazi ya kushona mapazia na sare. Alikuja kwenye semina, kifungo cha shati kikamdondoka dakika tano kabla ya kusimama kuzungumza, nikamshonea akiwa amelivaa. Aliniambia, "Dada, ukinichoma sindano usijali, nitasema ni moyo." Nilicheka siku nzima, mjinga mimi.

Baba yake alishafariki, kwa hiyo aliyemsemea siku hiyo alikuwa mkubwa wake wa kazi, Mzee Jean-Berchmans, mwenye ofisi ya kutengeneza programu za kompyuta kule Kimihurura. Upande wetu msemaji alikuwa Baba Mdogo Nsabimana, mdogo wa marehemu baba. Mama yangu, Mukabalisa, fundi cherehani anayejulikana mtaa wetu wote wa Niboye, alikaa karibu na dirisha, mikono mapajani. Mazungumzo yalikuwa ya Kiswahili kwa ajili ya mgeni. Mama Kiswahili hakimsumbui, amekulia Karagwe. Baba Mdogo chake kina mashimo lakini anakiendesha bila woga.

Mimi saa ile nilikuwa namwomba Mungu jambo moja tu, lango letu lisigongwe.

Tangu Januari tulikuwa na balaa. Wanaume wa pikipiki wenye masanduku ya zambarau walikuwa wakifika kwetu, wanagonga geti, wanauliza wanawake tusiowajua. "Iko Cynthia hapa?" "Hii chipsi ya Pamela." Ilianza mara mbili kwa wiki, ikawa mara mbili kwa siku. Wakaleta kuku, wakaleta bia, wakaleta keki yenye jina la mtu. Tukiwaambia hapa sipo, wanatuonyesha simu: mbona ramani inasema ni hapa? Na majirani wa Niboye wana macho, na midomo wanayo pia. Ilipofika Machi ilishasemwa kwamba kwa fundi Mukabalisa kuna wasichana. Kwaya ya parokia, tuliyoishonea sare miaka kumi, ikapeleka vitambaa vyake kwingine bila kuaga.

Lakini lililoniumiza mimi ni la Februari kumi na nne. Mchana, saa sita, motari mmoja, ndivyo tunavyowaita madereva wa pikipiki, aligonga, akaacha waridi kumi na mbili juu ya ngazi, akaondoka bila kuuliza jina la mtu. Kikadi kilikuwa kimeandikwa: Kwa malkia wangu. Asante kwa jana. Nyumba nzima ina wanawake wawili, mama mjane wa miaka hamsini na minane, na mimi. Mama alikisoma kikadi mara mbili. Kisha akanizaba kofi ambalo sikuwahi kuzabwa hata nikiwa mtoto. Nilimwapia mbele ya picha ya baba. Hakuniamini. Tangu siku hiyo alinisemesha ya lazima tu, chumvi imekwisha, zima pasi.

Wence sikumwambia hata neno. Ningeanzia wapi? Nilimkataza asifike nyumbani mpaka siku ya irembo, nikasingizia mila. Tukawa tunaonana Kimihurura baada ya kazi, nacheka, namlisha mandazi, na moyoni najua kuna siku atasikia.

"Bon," Baba Mdogo alikuwa akisema sebuleni, "maneno yenu tumesikia. Maneno iko nzuri. Sasa huyu kijana yenu..."

Geti likagongwa mara tatu.

Sahani nusura initoke mkononi. Geti lilikuwa limeachwa wazi kwa heshima ya wageni, kwa hiyo mgongaji hakungoja. Alipita uwanjani na sanduku lake la zambarau, kofia ngumu kichwani, akasimama mlangoni pa sebule mbele ya wazee wote.

"Muraho! Mimi naitwa Benon. Iko Pretty hapa? Nimereta chakura yake."

Mama alifumba macho. Baba Mdogo aliweka glasi yake mezani polepole.

"Hapana Pretty hapa," alisema. "Ondoka."

"Lakini mzee, ramani inaonyesha ni hapa kabisa. Angaria."

Ndipo Wence akafanya jambo ambalo mwoaji hafanyi. Alisimama. Alimwendea yule motari akasema, "Kaka, naomba nione hiyo simu," na Benon akampa. Aliitazama kwa muda, akaisogeza ramani kwa vidole viwili, akaitazama tena. Nilikuwa nimezoea uso wake nikidhani naujua wote. Sikuwahi kuuona ukiwa hivyo. Ulikauka. Alimrudishia Benon simu, akamwelekeza kwa sauti ya chini ampigie mteja, akarudi kukaa bila kumtazama mtu.

"Mukae, mukae," Baba Mdogo alisema, ingawa watu wote walikuwa wameshakaa. "Wageni wetu, mimi niko mtu mzima. Sitauzia mtu mbuzi ndani ya gunia. Hii mambo mmeona, haiko ya leo. Kila siku wanakuja. Watu wanasema binti yetu anapatia wanaume adiresi ya hapa. Sisi tumemuuliza, amesema hajui. Basi. Kama mmesikia na mnataka kurudi, mimi sitakasirika."

Machozi yalinitoka hapo hapo. Baba Mdogo ni mtu wa haki, hilo silikatai, lakini haki yake siku ile ilinivua nguo mbele ya wageni.

Mzee Jean-Berchmans alikohoa. "Mzee, tunashukuru kwa ukweli. Mtupatie dakika kumi tushauriane."

Nilitoka mbio kwenda uani. Kuna kona kati ya tangi la maji na ukuta ambapo nilikuwa najificha nikiwa mdogo, nami nilijificha pale pale na ukubwa wangu wote. Hazikupita dakika mbili, nikasikia viatu.

"Kaze."

"Hutakiwi kuwa huku."

"Limeanza lini jambo hili?"

"Rudi ndani, Wence."

"Lini, Kaze? Nijibu."

"Januari! Unataka na saa? Unataka nikuorodheshee wanaume wote waliofika? Na wewe umeanza?"

"Januari mwanzoni au mwishoni?"

Nikageuka nimtukane. Nilikuwa na tusi zuri tayari. Lakini nilipomwona lilinikwama. Hakuwa na wivu wala hasira. Alikuwa anaogopa, na aliyekuwa akimwogopa ni mimi.

"Wewe unajua kitu," nikamwambia.

"Ni mimi."

"Nini ni wewe?"

"Hao motari. Ni mimi ninayewaleta hapa."

Sikuelewa. Nilidhani amechanganyikiwa. Akavua koti la suti, akalitundika juu ya tangi, akaanza kueleza kwa haraka, huku akitazama chini.

"Kampuni ya masanduku ya zambarau ni mteja wa ofisi yetu. Programu wanayotumia niliiandika mimi, sehemu ya ramani nzima ni yangu. Lakini ramani si yetu. Tunaazima ya watu. Kuna huduma ya ramani mtandaoni, tunaiuliza kupitia kitu kinaitwa API. Ni kama dirisha la kuulizia. Mteja akiandika anwani, programu yangu inaipeleka dirishani, inasema: hapa ni wapi? Inarudishiwa nukta. Motari anaifuata nukta."

"Sasa sisi na nukta wapi na wapi?"

"Watu wengi wa Niboye hawaandiki namba ya barabara. Wanaandika: geti jeusi nyuma ya shule. Ramani haijui geti jeusi. Lakini imeliona neno Niboye. Kwa hiyo hairudi mikono mitupu, inarudisha katikati ya sekta yote ya Niboye, kwetu tungesema kata. Na hapo katikati, kwa hesabu yake..." Akainua macho, akatazama juu ya nyumba yetu. "Ni juu ya paa lenu."

Nami nikatazama paa. Bati la buluu, limepauka, lina tofali moja la kuzuia upepo. Sijui nilitegemea kuona nini.

"Kwa hiyo ni ramani iliyokosea," nikasema. Nilitaka sana iwe ramani.

Angeweza kuniitikia. Ningemwamini, Mungu ananiona, ningemwamini na kumpikia chai.

"Hapana," alisema. "Ramani haikukosea. Kila inaporudisha nukta inaandika pembeni ina uhakika kiasi gani. Inasema: nimeipata nyumba, au inasema: nimepata sekta tu, nyumba sijaiona. Mimi sikuisoma hiyo ya pembeni. Mzee alitaka mteja asikutane kamwe na maneno kwamba mahali hapajulikani. Nikaandika programu ichukue nukta yoyote, iende nayo."

"Na hukujua?"

Akajifunga kifungo cha mkono wa shati.

"Wence, hukujua?"

"Motari walilalamika mwishoni mwa Januari. Kwamba Niboye wanafika nyumba isiyo yenyewe. Nikasema wawe wanawapigia wateja simu. Nikaliandika kwenye orodha ya mambo ya kurekebisha."

"Orodha."

"Tuna orodha ndefu, Kaze. Kila mtu anasukuma lake mbele."

"Mimi nilikuwa namba ngapi?"

"Usiniulize hivyo."

"Namba ngapi?"

"Thelathini na saba."

Nilimpiga. Si kofi, nilimpiga kifuani kwa ngumi mbili, pale pale nilipomshonea kifungo, na hakurudi nyuma. Niliuma kitambaa cha kitenge changu ili nisipige kelele watu wa ndani wakasikia. Kofi la mama, kwaya, wanawake wa bombani wanaonyamaza nikipita, miezi minne ya chumvi imekwisha, vyote hivyo vilikuwa vimekaa kwenye kompyuta ya mwanamume ninayempenda, chini ya mambo thelathini na sita yenye maana zaidi.

"Naweza kulimaliza leo," alisema. "Kompyuta iko garini. Ni kazi ya robo saa. Programu isome uhakika, na ikiwa ni sekta tu, imrudishie mteja ramani aweke nukta mwenyewe kwa kidole. Geti lenu halitagongwa tena."

"Na jina langu? Nalo utalirekebisha kwa kompyuta?"

Alitazama tena paa.

"Mama yangu haniangalii usoni, Wence."

"Nikisema mbele yao, baba yako mdogo atanifukuza kama mbwa. Na nitakukosa."

"Najua."

"Nikinyamaza, geti litatulia, watu watasahau, mwezi ujao tunaposa."

"Na mama atakufa akiamini yale maua yalikuwa yangu." Nikalichukua koti lake juu ya tangi, nikalikung'uta vumbi, nikampa. Mikono yetu iligusana na nikachukia jinsi ilivyoniuma kuitoa. "Mimi sikutumi. Nikikutuma nitakuwa nimesema mimi. Nimeshasema sana, hakuna aliyenisikia."

Niliingia jikoni nikafunga mlango. Kupitia dirisha dogo nilimsikia Mzee Jean-Berchmans akimjia.

"Wenceslas, umefanya nini huku? Nimeiona simu ya yule motari. Nimeelewa. Écoute, sikiliza, tutarekebisha Jumatatu, kimya kimya. Mteja akisikia ametajwa nyumbani kwa watu atavunja mkataba, na vijana wanane watakosa kazi. Wewe wa kwanza. Ile ni programu tu. Nyamaza, uoe."

Sikusikia jibu la Wence. Nilisikia viatu vya watu wawili vikirudi ndani, nikarudi nyuma ya pazia langu.

Mzee Jean-Berchmans alisema vizuri, sina budi kumpa haki yake. Alisema wao hawaoi maneno ya majirani. Alisema wamemwona binti, wamemwona mama yake, hawaogopi sanduku la zambarau. Bado wanaliomba lango. Nilimwona mama akipumua kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, mabega yakamshuka. Baba Mdogo alitabasamu mpaka meno ya nyuma yakaonekana.

"Nyinyi iko watu," alisema, akainua glasi. "Sasa mimi nasema mbele ya wote, irembo ya hapa..."

"Naomba usinipe bado, mzee."

Ilikuwa sauti ya Wence. Alikuwa amesimama. Mzee Jean-Berchmans alimvuta shati kwa nyuma, waziwazi, kama unavyomvuta mtoto kanisani.

"Kijana hasemi," Baba Mdogo alisema. Glasi bado iko juu.

"Najua, mzee. Nisamehe. Hili hakuna wa kunisemea."

Akasema yote. Hakuficha orodha, wala hakuficha namba. Alisema, "Kaze hakumpa mtu yeyote anwani. Anwani niliitoa mimi, kwa uvivu wangu, nikiwa Kimihurura, sijawahi hata kuiona nyumba hii." Alipomaliza hakukaa.

"Maneno ya kompyuta," Baba Mdogo alisema. "Mtu anaweza kusema kitu yoyote kusaidia mwanamke anapenda. Onyesha."

Akaenda kuchukua kompyuta garini. Akaifungua juu ya meza ya mama ya kukatia vitambaa, katikati ya chaki na vipande vya vitenge. Sasa mila yote ilikuwa imeshavurugika, kwa hiyo nami nilitoka nyuma ya pazia na hakuna aliyenifukuza. Baba Mdogo alivaa miwani. Kwenye kioo kulikuwa na Niboye nzima imepigwa picha kutoka juu, barabara zetu, shule, mabati. Wence aligusa kitufe, zikamwagika nukta nyekundu hapa na pale, moja moja, kila moja kwenye nyumba yake. Isipokuwa sehemu moja. Pale zilikuwa zimerundikana mpaka bati la buluu halionekani.

"Hii ni nini?" Baba Mdogo aliuliza, kidole karibu kugusa kioo.

"Ni hapa tulipo, mzee. Nukta mia mbili na kumi na mbili."

"Yesu wangu," Mzee Jean-Berchmans alinong'ona. Nadhani naye alikuwa hajawahi kuziona.

Mama aliinuka pale dirishani, akaja mpaka mezani, akasimama upande wangu wa pili.

"Baba," alimwambia Wence, "hiyo mashine ina tarehe?"

"Inazo, mama. Majina ya wateja siruhusiwi kuwaonyesha. Tarehe na kilicholetwa, ndiyo."

"Nitafutie Februari. Kumi na nne. Mchana."

Moyo wangu ulikuwa unagonga kuliko geti. Wence aliandika, akasubiri, akasoma taratibu, kwa sababu hakujua anachokisoma. Sikuwa nimemwambia maua yalifikaje.

"Saa sita na dakika nane. Waridi kumi na mbili na kadi. Mteja aliandika: Niboye, nyumba ya ghorofa karibu na duka la dawa. Ramani ikajibu: nimepata sekta tu, nyumba sijaiona. Ikaletwa hapa."

Mama aliishika meza. Nilidhani ataanguka, nikamsogelea, na ndipo akanigeukia. Alinitazama usoni. Miezi minne nilikuwa nimelisubiri jicho lile.

"Uliniapia mbele ya baba yako," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nami nikakupiga mbele ya baba yako."

Akanishika shavu lile lile, la kushoto, kwa kiganja chake kigumu cha mkasi, akaanza kulia bila sauti. Tulikumbatiana juu ya vipande vya vitenge, na sijui wanaume walitazama wapi. Nililia mpaka kamasi. Sioni aibu kusema.

Tulipotulia, Baba Mdogo alikuwa ameshavua miwani.

"Jean-Berchmans, chukueni makreti yenu," alisema.

"Mzee..."

"Chukueni. Irembo siwezi kutoa leo. Huyu amesema kweli, na ukweli imemsafisha mtoto wetu, kesho mimi mwenyewe nitaenda kwa kwaya na kwa majirani, nyumba kwa nyumba. Lakini ni yeye alimchafua. Mtu huyo huyo. Mimi siwezi kushika mambo mbili kwa mkono moja." Akamtazama Wence. "Wewe rekebisha. Halafu ukae mbali na geti hii mpaka inyamaze. Ikinyamaza siku za kutosha, bila hata motari moja, mtarudi, tutaanza mwanzo."

"Siku ngapi, mzee?" Wence aliuliza.

Baba Mdogo alitaka kujibu, kisha akasita. Akanigeukia mimi, jambo ambalo katika mila zetu zote halijawahi kufanyika.

"Mwenye kugongewa ni huyu," alisema. "Kaze, siku ngapi?"

Wote walinitazama. Wence alinitazama pia, kwa yale macho yake, na yalitaka kunifanya nisahau. Nilitamani kusema tatu. Nilitamani kusema kesho.

"Thelathini na saba," nikasema.

Baba Mdogo aliitikia kwa kichwa, ameona ni hesabu ya ajabu lakini si mbaya. Wence peke yake ndiye aliyeinamisha uso. Kisha akafungua tena kompyuta, palepale juu ya meza ya mama, akafanya kazi ile ya robo saa aliyoniambia, huku Mzee Jean-Berchmans amesimama nyuma yake. Alipoifunga, aliinama kwa mama, akainama kwa Baba Mdogo. Mimi hakunisogelea. Alipita getini na makreti mawili mikononi, akalirudishia geti polepole mno, lisitoe hata mlio.

Mzee Jean-Berchmans hakumfukuza kazi, nilisikia baadaye. Simu hatupigiani, hilo pia lilikuwa katika sharti. Mama siku hizi ananiita aniulize rangi ya uzi hata kama anaijua. Jumamosi iliyopita kwaya wamerudisha vitambaa.

Na geti limenyamaza. Siku ya kwanza nililala kwa raha. Siku ya tatu niliona ukimya mzuri. Jana, siku ya tisa, nimefagia uwanja mara mbili, nikasimama nyuma ya bati la geti nikisikiliza pikipiki zikija na kupita, na mimi niliyemwomba Mungu tusigongewe nilikuwa namwomba siku ziende mbio tugongewe. Mama aliniona kutoka mezani kwake. Nilipoingia ndani alinisogezea tu chaki yake ya kukatia. Nikarudi nikachora mstari wa tisa nyuma ya geti, chini ya ile minane, nikahesabu. Zimebaki ishirini na nane.